Nambari ya Gari na Makazi ya Mwenyewe

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mtu wa duka, mbele ya mkutano wa tawi)

Nataka nikuchukulieni muda mchache katika jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni mahali pa kusajili gari.

Mwaka 2011 niliivusha gari yangu ya mizigo kwenda Dar es Salaam kufuata unga na sabuni. Gari hiyo niliilipia ushuru hapa, ina herufi Z, na imeandikwa katika daftari la Serikali. Nilipoteremka melini bwana mmoja akaizunguka mara mbili, kisha akaniuliza kibali cha gari ya kigeni kiko wapi. Nikamjibu, "Bwana, mimi na wewe tuna pasipoti moja; huo ugeni umetoka wapi?" Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, lakini gari ililala pale siku mbili na mimi nikalala kwa watu.

Lakini tusiseme kwa hasira, tuitazame kanuni. Muungano ulipoundwa mwaka 1964 mambo yake yalikuwa 11. Katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 yamefika 22. Ushuru wa forodha umo. Usajili wa magari haumo. Ndiyo maana kila upande una daftari lake, bara herufi T na sisi Z. Hata katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya alama za magari, EAZ ni Zanzibar na EAT ni Tanganyika. Daftari hilo ni haki yetu, wala sikusimama hapa kuomba lifutwe.

Mushkeli uko kwenye ushuru. Ushuru wa forodha ni wa Muungano, lakini kwa miaka mingi mtu akitaka kuihamishia bara gari aliyoilipia hapa, alitakiwa atoe tofauti ya kodi na aisajili upya kwa herufi T. Si sisi tu tuliolalamika: wakubwa wenyewe waliutia usajili wa vyombo vya moto katika hoja za Muungano zinazotaka kutatuliwa.

Wenzetu wamefanyaje? Jersey ni kisiwa kidogo chini ya taji la Uingereza, nacho kina daftari lake na herufi yake J. Mtu wa Jersey akivuka kwenda Uingereza kutembea, huweza kuitumia gari yake hadi miezi 6 katika kila miezi 12 bila ya kuisajili huko. Akihamia, ndipo husajili. Na nchi za Ulaya zilipotunga mwongozo wa kodi za magari mwaka 1983, zilitazama makazi: mtu yuko pale anapokaa walau siku 185 kwa mwaka. Hawakutazama gari imetokea bandari gani, wametazama mwenyewe analala wapi.

Na haki tuiseme yote. Wapo katika sisi wafanya biashara walioingiza magari hapa kwa kuwa kodi ilikuwa nyepesi, kisha wakayaficha bara miaka na miaka na nambari za Z. Hao ndio waliompa yule bwana wa bandarini hoja ya kunizungukia mimi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba tawi liwaandikie wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi na wa Bunge: gari isajiliwe anapokaa mwenyewe, msafiri apewe miezi yake kwa maandishi, na ushuru uliolipwa upande mmoja uhesabiwe kuwa umelipwa. Stakabadhi zangu za mwaka 2011 ninazo dukani. Mwenye zake naye azilete kabla ya Ijumaa, Bwana Katibu azinakili zote pamoja na barua.