Akibisha Hodi Mtandaoni, Nani Atafungua?

Hotuba ya katibu wa kwanza wa kwaya katika sherehe ya jubilei ya miaka 25



 Nawasalimu mnaotufuata kwa simu huko mliko. Ninyi ndio hasa nitakaowazungumzia.

Kamati ya jubilei iliniomba niseme machache juu ya kwaya na intaneti. Vijana walicheka, kwa sababu wananijua. Nimeshika daftari la mahudhurio kwa miaka 21, na mpaka leo naandika nota kwa penseli. Lakini nilikubali kwa kuwa nina deni, na nataka kulisema mbele yenu.

Mwaka 2000 tulianza tukiwa waimbaji 14, na kinanda cha kuazima. Kanda yetu ya kwanza tuliichangia kwa harambee, mwenye kuku akaleta kuku, mwenye mahindi akaleta debe. Tulikwenda Nairobi kurekodi, na nakala tukazibeba kwa mifuko kutoka River Road hadi kwenye matatu. Siku zile aliyetaka kutusikia alikuwa na njia mbili: aje kanisani, au anunue kanda mlangoni baada ya misa. Kila aliyenunua tulimwona kwa macho. Tulimuuliza habari za nyumbani. Kama alikuwa na mgonjwa, tulijua, na Jumamosi tulikwenda kumwona.

Kanda zikaisha, zikaja sidii, na sidii nazo zikapitwa. Vijana wakafungua chaneli ya YouTube na ukurasa wa Facebook. Mimi kama katibu nikapewa nenosiri nilitunze. Nikaliandika nyuma ya daftari la mahudhurio, nikafunga kabati, nikaona kazi imekwisha.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mnakumbuka Machi ile makanisa yalipofungwa. Pasaka ya tarehe 12 Aprili tuliimba watu wanne tu, mmoja kwa kila sauti, mbele ya simu iliyofungwa kwa utepe kwenye stendi ya nota. Mwezi wa Julai serikali iliporuhusu ibada za watu wasiozidi 100, kwa saa moja, walio chini ya miaka 13 na walio juu ya miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Kwa hiyo bibi zetu, waliozoea kufika kabla ya kengele, waliendelea kusali kwa simu za wajukuu. Sitaki mtu atoke hapa akisema mzee huyu anapinga mitandao. Nimeona kwa macho yangu faida yake.

Sasa deni langu.

Februari 2021 kijana mmoja wa sauti ya tatu aliniomba nenosiri apakie wimbo mpya. Akafungua sanduku la ujumbe la ukurasa wetu. Tulikuta ujumbe kutoka kwa watu 41 ambao hatukuwa tumemjibu hata mmoja. Huyu anauliza saa za misa. Yule anaomba nota. Mwingine anauliza kama mtu aliyekaa miaka mingi bila kuungama anaweza kurudi.

Na mmoja alikuwa dada anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, Saudi Arabia. Nchi ile haina makanisa. Alisema usiku, kazi ikiisha, husikiliza nyimbo zetu kwa sauti ya chini. Alikuwa ameandika Julai, siku nne kabla ya mazishi ya mama yake. Ndege za kimataifa zilikuwa bado hazijarudi Kenya. Hangeweza kuja hata kama mwajiri angemruhusu. Akataja kijiji chao, na ni hapa ng'ambo ya mto. Ukipanda kwenye mnara wa kengele unakiona. Hakuomba pesa. Aliomba watu wawili tu waende wakamwimbie mama wimbo mmoja, na mtu amrekodie asikie.

Hakujibiwa. Baada ya siku mbili akaandika neno moja: "Hodi?" Hakujibiwa. Ijumaa jioni akaandika mara ya tatu: "Asanteni hata hivyo. Nimewafungulia kwenye simu, nikaimba nanyi."

Ndugu zangu, wakati ule video ya wimbo huo tulikuwa tukijisifia katika kila mkutano kwa jinsi ilivyotazamwa mara nyingi. Tulijua hesabu ya waliotazama. Mtu mmoja kati yao, mwenye msiba, jirani yetu, hatukumjua. Na nenosiri lilikuwa kabatini kwangu.

Tulimjibu siku ile ile na kumwomba msamaha. Jumamosi iliyofuata tulikwenda watu 11 pamoja na katekista. Tuliimba kaburini, tukamrekodia. Baba yake, mzee wa watu, alitukaribisha chai. Hakutulaumu. Alituuliza jambo moja tu: "Kumbe mko karibu hivi?"

Swali hilo sijalisahau, na ndilo nililowaletea leo. Mtandao ulikuwa umetufikisha Riyadh, lakini haukuwa umetufikisha ng'ambo ya mto.

Mnaijua habari ya Filipo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mtu wa Ethiopia alikuwa katika gari lake la farasi kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Maandiko alikuwa nayo mkononi. Alichokosa ni mtu. Filipo akalikimbilia gari, akamuuliza kama anaelewa anachosoma, akapanda, akaketi naye, na mwisho wakateremka wote wawili majini. Tazameni leo ndani ya matatu yoyote: kila abiria yuko peke yake na simu yake. Wimbo tumeshauweka ndani ya gari. Swali ni nani anayepanda na kuketi naye.

Kanisa halijawahi kuogopa vyombo hivi. Mwaka 1931 Papa Pius XI alizindua Radio Vatikani, iliyojengwa na Marconi mwenyewe. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati nzima juu ya upashanaji habari, Inter Mirifica. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II aliitaja intaneti kuwa uwanja mpya wa kutangaza Injili. Na mwaka huo huo Vatikani ilikumbusha kwamba sakramenti hazipatikani katika intaneti. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Tarehe 7 Septemba 2025, Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu. Alitengeneza tovuti juu ya miujiza ya Ekaristi, na yeye mwenyewe alipenda kwenda misa kila siku. Kompyuta yake ilikuwa kibao cha njiani, kinachoonyesha altare iko wapi.

Basi, tukiingia miaka 25 mingine, naomba tushike mambo matano.

La kwanza, ujumbe ujibiwe. Tuna zamu ya kufagia kanisa na zamu ya kufua sare. Tuwe na zamu ya kujibu, wawili wawili kila juma, mkubwa na kijana, wafungue asubuhi na jioni. Ujumbe wa msiba, wa mgonjwa, au wa mtu aliyekata tamaa usingoje mkutano wa Jumapili. Siku hiyo hiyo apigiwe simu Baba Paroko au mwenyekiti wa jumuiya ya eneo hilo. Wimbo unaweza kwenda peke yake, lakini kumfariji mfiwa kunahitaji mtu mwenye miguu.

La pili, tuweke mambo ambayo mtu anayatafuta. Mwalimu aliyehamishiwa shule ya hapa haanzi na historia ya kwaya. Anataka kujua misa ni saa ngapi, ni ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani, ashukie stendi gani, na ofisi ya parokia ina simu namba gani. Ratiba ya Juma Kuu ikibadilika, ibadilike mtandaoni kabla ya mtu kuja akute mlango umefungwa. Ndiyo maana naunga mkono parokia kuwa na tovuti yake. Ukurasa wa Facebook ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akibadili masharti, huna la kusema. Tovuti ni kama kiwanja chenye jina letu, ila ada ya jina hulipwa kila mwaka, na tukisahau, jina linaweza kuchukuliwa na mwingine. Ada hiyo iandikwe kwenye bajeti pale penye stima na maji, isiachiwe mfuko wa kijana mmoja.

La tatu, tumkumbuke mwenye bando dogo. Video ndefu inayong'aa ni nzuri kwetu tulioivalia sare mpya, lakini mama wa kijijini huinunua kwa pesa za sukari. Kila wimbo uwe pia na sauti peke yake, nyepesi, inayoweza kutumwa kwenye WhatsApp ya jumuiya. Na chini ya wimbo tuandike jina lake, mtunzi wake, na mahali pake katika misa: mwanzo, katikati, matoleo, komunyo au shukrani. Mwalimu wa kwaya wa kigango, Ijumaa usiku, hutafuta hivyo. Sisi wenyewe tumefaidika mara ngapi na watunzi, wengi wao kutoka Tanzania, wanaoweka nota zao kwenye tovuti ya Swahili Music Notes? Tuliyopewa, nasi tuwape wengine.

La nne, tuheshimu haki ya mtu. Wimbo una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kabla ya kurekodi tuombe ruhusa, na jina lake tuliandike. Ni aibu kuimba habari za haki kwa wimbo tuliouchukua bila hodi. Watoto nao: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Hawa Watoto wa Yesu wanaocheza vizuri mbele ya altare, wazazi wao waulizwe kwanza. Na mtu mzima anayelia wakati wa shukrani hakuja kurekodiwa. Mpiga picha ageuze kamera.

La tano, funguo na fedha. Nenosiri lisiwe la mtu mmoja, hata awe katibu mwaminifu namna gani. Lishikwe na watu watatu, na mmoja akihama libadilishwe. Fedha nazo ziwe na njia moja. Tapeli anaweza kunakili picha zetu leo hii, afungue ukurasa wenye jina letu na kuomba mchango wa kinanda. Namba ya mchango iwe moja, isomwe kwenye matangazo kanisani na iandikwe kwenye tovuti. Nasi tusimwombe mtu pesa kwa ujumbe wa faragha, ili akiombwa ajue mara moja kwamba si sisi.

Hayo ndiyo matano. Vijana, hamtahitaji mashine za bei. Simu mlizo nazo zinatosha. Nawaomba mfanye tulivyofanya sisi mlangoni wakati wa kanda: muulizeni mtu habari za nyumbani.

Nina mambo mawili ya kumalizia. Daftari langu la mahudhurio nalikabidhi leo kwa mwenyekiti likae katika kumbukumbu za kwaya. Nenosiri lililoandikwa nyuma halifungui kitu tena. Nimehakikisha mwenyewe kwamba limebadilishwa. Pamoja nalo nakabidhi orodha ya wale watu 41. Thelathini na sita tumewapata na kuwajibu, hata kama kwa kuchelewa. Watano hawakupatikana tena. Naomba tuwataje katika sala zetu, maana hatujui walikuwa wanatafuta nini tulipokuwa kimya.

Na yule dada wa Riyadh bado yuko kazini. Saa za kule ni sawa na za hapa, kwa hiyo kama amepata nafasi yuko nasi sasa hivi. Wimbo wa tatu katika programu yenu ni ule aliouomba kwa ajili ya mama yake. Tumeuchagua kwa sababu hiyo. Baba yake ameketi hapa, safu ya mbele upande wa besi, na kijana wa zamu ameshashika simu. Dada, ukiandika leo, utajibiwa.