Uzio Unaofunguka: Kinga za Mashine katika Korona za Mkonge

Jani la mkonge likishakatwa halingoji mtu. Likichelewa kusindikwa hukauka, na singa zake hutoka chafu, za daraja la chini. Ndiyo maana kazi ya korona, yaani mashine ya kusindika majani hayo, kuanzia Ngombezi na Magoma kule Korogwe hadi Muheza na Pangani, mkoani Tanga, huenda mbio tangu trekta la kwanza linapoingia na tela la majani. Mhadhara huu unahusu kitu kimoja kinachodhaniwa kuzipunguza mbio hizo: uzio wa mashine.

Anayeingia kwenye jengo la korona hukutana kwanza na meza ndefu ya kulishia. Wafanyakazi husimama kando yake, hufungua matita na kuyatandaza majani yalale yamekingama juu ya mkanda. Mbele kidogo jani hubanwa na kupelekwa kwenye ngoma ya kwanza, yenye visu butu vinavyoponda na kukwangua nusu yake huku maji yakimwagika. Mshiko huhama, ngoma ya pili humalizia nusu iliyobaki, na upande wa pili singa huchomoza zimelowa, tayari kwenda kuanikwa. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo 4 tu. Mengine ni maji na makapi yanayokwenda na mtaro.

Hatari ya mashine hii haiko kwenye visu peke yake. Iko pia kwenye zao lenyewe. Singa hufika karibu mita moja kwa urefu, na fungu dogo tu halikatiki kwa kuvutwa na mkono. Ikichepuka ikanasa kwenye shafti inayozunguka, hujiviringisha. Ya pili hufuata, ya tatu nayo, mpaka shafti inavaa kitata kinene na beringi inaanza kupata moto. Aliye karibu huona singa inaning'inia, na mkono hutangulia kabla ya fikra. Kama ameizungusha kidoleni ili aivute vizuri, mashine ndiyo itakayomvuta yeye.

Kuna jambo jingine ambalo kwa viwanda vya Ulaya ni dogo, lakini huku lina uzito wake: umeme kukatika. Korona inaponyamaza, fundi huona hiyo ndiyo nafasi ya kuondoa vitata bila kumchelewesha mtu. Ikiwa swichi imeachwa ilipokuwa, na mtambo hauna kontakta inayojiachia umeme unapopotea, basi umeme ukirudi ngoma zinazunguka tena. Hakuna aliyebonyeza kitu.

Mtu atasema dawa ni kuizungushia mashine wavu. Sawa, lakini wavu wa namna gani? Korona hufunguliwa kila siku: huoshwa, huondolewa vitata, hupakwa grisi, hurekebishwa nafasi ya visu. Kinga iliyochomelewa moja kwa moja kwenye fremu itakatwa kwa grenda wiki ya kwanza. Iliyofungwa kwa bolti 12 itafunguliwa, zitarudishwa bolti 4, kisha 2, na mwisho itaegemezwa ukutani nyuma ya stoo. Kinga isiyoondoleka na kurudishika kwa wepesi haidumu, hata iwe nene kiasi gani. Hiyo ndiyo hoja ya mhadhara huu.

Turudi kwanza nyuma kidogo. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893. Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Baadaye zikaja mashine za Korona za Krupp kutoka Ujerumani, na nyingine za Robey kutoka Lincoln, Uingereza. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Historia ya zao hili imeandikwa sana kwa tani na kwa bei. Ya mikono iliyolisha meza hizo, mingi ikiwa ya manamba waliotoka mbali, haijaandikwa ipasavyo.

Sheria haikukosekana. Uingereza ilianza mwaka 1844 kuvilazimisha viwanda vya nguo kuzungushia uzio mitambo yao, na Tanganyika ikapata Sheria yake ya Viwanda, Sura ya 297, mwaka 1950. Leo inayotumika ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, iliyoifuta ile ya kikoloni, na anayeisimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA.

Kesi moja ya Uingereza inaufichua ugumu wa jambo hili kuliko vifungu vyenyewe. Mwaka 1955 Baraza la Malodi, likiwa ndiyo mahakama ya mwisho ya rufani, lilimsikiliza mfanyakazi wa kampuni ya chuma ya John Summers aliyeumizwa kidole gumba na jiwe la kusagia chuma. Kampuni ilijitetea kwamba jiwe likifunikwa lote haliwezi kufanya kazi. Majaji wakajibu kwamba sheria imesema mashine izungushiwe kinga imara. Kama ikishazungushiwa haitumiki, hilo si la mahakama. Kisheria walikuwa sahihi. Kiwandani, hata hivyo, hukumu ya namna hiyo inamwachia fundi machaguo mawili tu, mashine isiyotumika au kinga isiyokuwepo, na kila mtu anajua atachagua lipi. Aliyekuja kumpa la tatu alikuwa mbunifu wa uzio wa vipande.

Uzio huo ulipata msukumo mkubwa na ujio wa roboti. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi General Motors, New Jersey, mwaka 1961. Januari 1979 mfanyakazi wa kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, aliuawa na mkono wa roboti alipopanda kuchukua vipuri kwenye rafu. Mwaka 1981 ikawa zamu ya Kawasaki, Akashi, Japani, na kisa hiki ndicho chenye somo kubwa zaidi kwetu. Uzio ulikuwepo. Mlango wake ulipangwa kukata umeme ukifunguliwa. Fundi aliyekwenda kuitazama roboti iliyoharibika hakuufungua. Aliruka juu, akaiwasha kwa bahati mbaya, na ikambana kwenye mashine ya jirani. Uzio unaoonekana kama kikwazo tu hurukwa hata na fundi anayejua kazi yake.

Uzio wa vipande wenyewe si kitu cha ajabu. Ni nguzo za bomba la mraba zenye vitako vya kufungwa sakafuni, na fremu za wavu zinazopachikwa kati ya nguzo. Mashine ikihamishwa, uzio huhama nayo. Ikiongezwa meza, huongezwa kipande. Mji mdogo wa Hillerstorp, Uswidi, ndiko nyumbani kwa kampuni mbili kubwa za kazi hii, Troax na Axelent.

Siri iko kwenye vipimo, na vipimo havina hakimiliki ya mtu. Kiwango cha kimataifa ISO 13857 kinaeleza wavu ukae umbali gani kutoka kwenye sehemu ya hatari kulingana na ukubwa wa tundu. Tundu la mraba lenye upande wa milimita 25 hupitisha vidole lakini huzuia kiganja, hivyo umbali wa milimita 120 unatosha. Tundu likipita milimita 40, mkono mzima unaingia mpaka begani, na wavu lazima urudi nyuma milimita 850. Kwa lugha ya karakana: wavu wa bei nafuu wa matundu makubwa hula nafasi ya sakafu. Kimo kikiwa chini ya mita 1.4, uzio hautegemewi peke yake. Nafasi ya chini, ambayo kwenye korona ni ya lazima ili maji ya kuoshea yapite, isizidi milimita 180, kwa kuwa zaidi ya hapo mtu mzima anaweza kupenya.

Mlango ndio unaohitaji akili zaidi. Ngoma ya korona ni nzito na haisimami papo hapo umeme ukikatwa. Wahandisi huhesabu kwamba mtu anayetembea husogea mita 1.6 kwa sekunde; kama ngoma ingechukua sekunde 10 kutulia, uzio wenye mlango wa swichi pekee ungetakiwa kuwa mita 16 kutoka kwenye ngoma. Hakuna jengo la korona lenye nafasi hiyo. Kwa hiyo komeo lenyewe lizuie mlango usifunguke mpaka ngoma isimame kabisa, na kila anayeingia ndani atundike kufuli lake binafsi kwenye swichi kuu. Tatizo la umeme unaorudi ghafla nalo hupata tiba hapo hapo, maana mlango ukiwa wazi saketi imekatika, hata TANESCO warudishe umeme saa ngapi.

Kuna kajambo kengine kadogo ambako viwango vya kinga hukasisitiza: skrubu za kinga zibaki zimeshikiliwa kwenye kinga au kwenye mashine zinapofunguliwa. Kanaonekana ka kipuuzi mpaka mtu apige magoti kwenye sakafu yenye maji na makapi akitafuta nati ya namba 13 iliyozama. Nati ikipotea, kinga hairudi.

Je, Tanga inahitaji kuagiza nyavu za Uswidi? Haihitaji. Mafundi wa kuchomelea wapo, na VETA Tanga inawafundisha wengine. Kinachokosekana ni mchoro mmoja unaokubalika na wote: nguzo za kimo kimoja, fremu za upana mmoja, na matundu ya bolti yaliyorefushwa ili fremu isogezwe pale sakafu ya zamani ilipobonyea. Mashamba ya Hale, Ngombezi, Mwelya, Magunga na Magoma, ambako wakulima wadogo wamejiunga katika vyama vya ushirika vya AMCOS, yangeweza kuazimana vipande badala ya kila korona kujitengenezea chake. Chuma kipigwe zinki na rangi, kwani hewa ya chumvi ya pwani na utomvu wenye asidi hukila upesi kisipolindwa.

Uzio hautatui kila kitu. Mashine ndogo ya raspado, ambayo mkulima huilisha jani kwa mkono kisha kulivuta nyuma, haizungushiwi wavu ikatumika. Hiyo inahitaji mdomo mrefu na mwembamba kiasi kwamba kiganja hakifiki kwenye visu, na anayeitengeneza bila mdomo huo asiruhusiwe kuiuza.

Gharama itatajwa, na ni haki itajwe. Lakini mwajiri tayari anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015 chini ya Sheria Na. 20 ya 2008, na mfuko huo hulipa baada ya mkono kwenda. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, uliweka jukumu mahali panapostahili: unakataza kuuza au kukodisha mashine yenye sehemu za hatari zisizo na kinga.

Bodi ya Mkonge, viongozi wa AMCOS na wenye mashamba binafsi wanaojiandaa kununua korona wayaandike haya kwenye mkataba wa ununuzi kabla ya kutia saini: uzio wa vipande pande zote, mlango wenye komeo linalosubiri ngoma, kontakta isiyojiwasha, na fremu mbili za akiba. Muuzaji asiyeweza kuvileta pamoja na mashine, malipo yake yasubiri.