Njia Isiyoandikwa: Majirani na Ugomvi wa Mapito Kiunga

Mpaka wa Kenya na Somalia unaigusa bahari mahali paitwapo Dar es Salaam (si jiji la Tanzania), kaskazini kidogo ya mji wa Kiunga wa Kenya, penye nguzo ya mpaka nambari 29. Waingereza na Waitaliano walikubaliana juu ya mstari huo 1927 na kuuthibitisha 1933. Waliandika hata visiwa vidogo vya Diua Damasciaca vibaki upande gani. Nchi kavu nguzo ile haikuzua makubwa. Baharini ilizaa kesi. Kenya ilisema mstari ufuate latitudo, uelekee mashariki moja kwa moja, kama Rais wa Kenya alivyotangaza 28 Februari 1979, na kwamba Somalia ilikwisharidhia kwa kukaa kimya miaka yote ile. Somalia ikaenda The Hague 28 Agosti 2014. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoka 12 Oktoba 2021. Majaji waliona kwamba Kenya yenyewe haikulishikilia dai lake bila kuyumba, kwa hiyo ukimya wa jirani haukuweza kuhesabiwa ridhaa. Mstari ukachorwa kwingine, baina ya ule wa Kenya na ule wa Somalia, na Kenya ikaikataa hukumu.

Mada hii haihusu mipaka ya dola. Inahusu uchochoro baina ya nyua mbili, njia ya kisimani, kipito cha kuteremkia pwani na mlango wa nyuma uliokuja kuzibwa kwa kitalu cha mawe. Hata hivyo swali lililowafikisha mawakili The Hague ndilo linalowafikisha majirani wa Kiunga kwa chifu: aliyenyamaza miaka yote, je, amekubali?

Kiunga, kama miji mingi ya Watikuu, yaani Wabajuni, njia zake zimehifadhiwa vichwani mwa watu. Kila mkaazi mkubwa anajua pa kupitia jeneza, wavuvi washushe nyavu wapi, na ukuta upi umebeba boriti za nyumba ya pili. Hakuna ramani ya mambo hayo, na kwa muda mrefu haikuhitajika. Alama ilikuwa mtu mzima aliyeshuhudia makubaliano, ambaye wote walikuwa wakimwona kila swala ya jamaa.

Mashahidi hao walitawanywa. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwakimbiza Wabajuni kutoka vijiji vya bara kama Ishakani, Rubu na Mwambore. Walikwenda visiwani, Malindi, Mombasa, na wengine hawakurudi tena. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitaja kufukuzwa huku katika ripoti yake ya 2013. Kisha yakaja mashambulizi ya al-Shabaab na, kuanzia Septemba 2015, Operesheni Linda Boni ya vikosi vya usalama, na familia nyingine zikahama tena. Mtu anaporejea baada ya miaka mingi, au mjukuu wake anapokuja na habari alizosimuliwa, hukuta pale palipokuwa njia pana jiko la mtu. Mwenye jiko si mwizi. Alikuta mahali patupu, akajenga. Na anayerudi si mchokozi, maana babu yake alipita hapo hadi siku alipokimbia.

Hapa ndipo neno "jirani mgumu" linapohitaji kuangaliwa vizuri. Mada hii inashikilia kwamba jirani mgumu wa Kiunga, mara nyingi zaidi, ni mtu ambaye hakuwapo njia ilipokubaliwa: mrithi, mnunuzi, aliyerejea, au taasisi ya serikali. Kumlaumu kwa tabia hakufungui njia. Alichokikosa ni habari, na habari ambayo haikuandikwa hawezi kulazimishwa kuiamini.

Chukua ukuta. Nyumba za mawe za pwani hii zilijengwa kwa tumbawe na chokaa, na dari zake zikalazwa juu ya boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ambao haufiki mita tatu. Penye nyumba zilizobanana, ncha ya boriti huangukia ukuta wa mwenzio. Jambo hili ni la kale kiasi kwamba Mtume (s.a.w.) amepokewa, katika Bukhari na Muslim, akiwakataza watu wasimzuie jirani kupachika ubao ukutani mwao. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa Kiunga, walitofautiana juu ya uzito wa katazo hilo. Kauli ya zamani ya Imamu Shafii ililiona wajibu. Kauli mpya ililiona jambo linalopendekezwa, na ruhusa ya mwenye ukuta ikabaki sharti.

Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, alikwenda mbali zaidi katika Minhaj, kitabu ambacho hata mahakama za kikoloni za Afrika Mashariki zilikitumia baada ya kufasiriwa kwa Kiingereza 1914. Ndani ya mlango wa sulhu alitenga njia za aina mbili. Njia inayopita moja kwa moja ni ya watu wote. Mtu anaweza kutokeza roshani juu yake maadamu hawadhuru wapitao, na aiinue kiasi cha mtu kupita wima chini yake. Uchochoro usiotokea upande wa pili ni mali ya wale wenye milango inayoufungukia, na hakuna anayeweza kutoboa mlango mpya humo ila kwa idhini yao. Ni jambo la kutia moyo kwamba mafundi wa pwani wanaijua tofauti hiyo bila kufungua kitabu. Pia inafaa kukumbuka kwamba kwa Mashafii haki ya shufaa, yaani kutangulizwa kununua, ni ya mshirika katika mali, si ya jirani wa ukuta tu. Wengi hudhani vingine, na ugomvi wa kuuza kiwanja huanzia hapo.

Tuje kwenye sheria ya nchi. Inajulikana kidogo mno, na ina mambo mawili ambayo kila mzee wa mtaa angefaa kuyashika.

La kwanza ni la miaka ishirini. Sheria ya Muda wa Kushtaki, kifungu cha 32, inasema aliyetumia njia kwa amani, waziwazi, kama haki yake na bila kukatizwa kwa miaka 20 amepata haki kamili ya kupita. Maneno "kama haki yake" ndiyo yenye mtego. Anayepita kwa ruhusa hajengi haki yoyote, hata apite nusu karne. Sasa tazama adabu ya Kiunga: mtu hapiti uani kwa wenzake bila kupiga hodi. Anasubiri, anakaribishwa, anapita, anashukuru. Mbele ya wakili mjanja, hodi ya kila siku yaweza kugeuzwa ushahidi wa ruhusa, na mwenye adabu akawa na hoja dhaifu kuliko mtu anayekata uwanja wa mwenzake bila salamu. Dawa yake si kuacha hodi. Dawa ni majirani kukiri kwa maandishi kwamba hodi ni heshima, na kwamba njia ni haki.

La pili ni la ardhi iliyozingirwa. Kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamruhusu mwenye kiwanja kisicho na pa kutokea kuiomba mahakama amri ya kupewa njia kwenye ardhi ya jirani, na mahakama inaweza kuagiza fidia ilipwe. Kabla ya kuamua, jaji hupima taabu ya kila upande, hutazama kiwanja kilizingirwaje, na huuliza pande mbili zimejaribu nini kuafikiana. Mlalamishi aliyekimbilia Malindi au Lamu bila kuzungumza na mwenzake ameanza vibaya. Safari yenyewe ni ghali: kutoka Kiunga watu hutegemea boti, maana barabara ya bara imewahi kutegwa mabomu ya ardhini.

Kuna kosa jingine linalopoteza muda wa watu. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja kilichosajiliwa hauendi kortini kwanza. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaitaka mahakama isiusikilize mpaka msajili wa ardhi awe ameuthibitisha mpaka wenyewe. Wala kadhi hawezi kuamua kila ugomvi wa njia. Ibara ya 170 ya Katiba imempa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Lakini katika hilo la mirathi kadhi wa Lamu ana nafasi ambayo haijatumiwa inavyopasa. Vichochoro vingi hufa siku ya kugawa urithi. Tuseme mzee ameacha kiwanja kimoja kirefu kutoka barabarani hadi karibu na pwani. Mtoto wa kwanza anachukua mbele, wa pili nyuma, dada anapata upande wa kisima. Wakiwa hai wote watatu, wanapita. Mmoja akiuza, mnunuzi anajenga kitalu, na wa nyuma anabaki hana mlango. Mstari mmoja ndani ya hati ya mgao, kwamba wa nyuma anapita kwa mbele na wote wanateka kisimani, ungewaepusha wajukuu na miaka ya uhasama.

Ugomvi wa maji huwa mkali kuliko wa njia, na Kiunga haiwezi kuuita mdogo. Visima vya maji baridi ni vichache, jabia za kukingia mvua hujaa msimu na kukauka msimu. Anayefunga njia ya kisima amefunga kisima. Kwa bahati njema, kifungu cha 28 cha sheria hiyo ya usajili kinazilinda haki za njia na za maji zilizokuwapo wakati ardhi inasajiliwa mara ya kwanza, hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Ulinzi huo ni mzuri kwa yule tu anayeweza kuthibitisha kuwa haki ilikuwapo, na hapo tunarejea kwa mashahidi waliotawanyika.

Yupo pia jirani ambaye hana uso: dola. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani walete madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Watikuu waliolima makonde ya kuhamahama bara hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Athari zake zingalipo. Mwaka 1979 Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa, ikazunguka visiwa vidogo na miamba ambayo wavuvi waliifikia tangu hapo. Baada ya utekaji nyara wa mtalii mwaka 2011 huko Kiwayu vikafuata vikwazo vya kuvua usiku. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, ya kulinda kasa na matumbawe au kulinda roho za watu, na sababu hizo ni za kweli. Lakini kila mara mtu aliyezoea kupita aliambiwa asipite, na hakuulizwa kwanza alikuwa akipita wapi.

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaifanya ardhi yote baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Kwa hiyo mfuo ni wa kila mtu. Njia ya kuufikia mfuo haikutajwa. Wavuvi wa Diani na Malindi wamelalamika miaka mingi kuhusu kuta zilizoziba njia za kushukia kwenye bandari zao ndogo. Pwani ni yao kwa Katiba, ila hawana pa kuteremkia. Kiunga bado haijajaa hoteli, na ndiyo maana sasa ni wakati wa kuyataja mapito ya pwani kwa majina yake.

Kwamba mazoea ya kupita yana thamani mbele ya sheria kulionekana katika kesi ya bandari ya Lamu. Wakaazi walifungua malalamiko 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mahakama iliutambua uvuvi wa jadi kuwa sehemu ya utamaduni wao unaolindwa na Katiba. Walichokuwa nacho wavuvi wale si hati miliki. Walikuwa na majina ya maeneo, misimu, na watu walio tayari kusimama na kueleza.

Kazi inayopendekezwa kwa wazee wa mitaa, machifu na maimamu ni ya miguu na kalamu. Majirani waiendee njia pamoja, waipite tangu mwanzo hadi mwisho, wenye kujua wakiwaonyesha wasiojua. Upana upimwe kwa kamba mbele ya wote. Karatasi iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: njia inaanzia wapi, inaishia wapi, ni ya miguu tu au na punda na mkokoteni, nani anaitengeneza, na kwamba mnunuzi yeyote atakabidhiwa pamoja na kiwanja. Wanawake watie saini pia, kwa sababu ndio wanaoikanyaga njia ya kisima kila siku na ndio wanaosahauliwa wakati wa kuitwa mashahidi. Waliohamia Mombasa au Malindi wapigiwe simu, na maneno yao yanakiliwe mbele ya mashahidi wawili.

Karatasi hiyo si hati miliki, na asiambiwe mtu kuwa ni hati. Inachofanya ni kumpa msajili, msuluhishi au jaji kitu cha kushika. Ibara ya 60 na ya 159 za Katiba zinahimiza jamii zimalize migogoro kwa sulhu zao wenyewe, na sulhu iliyoandikwa hubaki hata wale walioifunga wasipokuwapo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, katika kifungu cha 13, inairuhusu jamii iliyosajiliwa kutenga maeneo maalumu, na miongoni mwake imeyataja mapito. Kijiji kinachofika kwenye usajili kikiwa na orodha ya njia zake mkononi kitazitenga siku hiyo hiyo. Kisicho nayo kitaanza kuulizana mbele ya mpima ardhi, huku bikoni zikichimbiwa.