Imani katika Mwili Uumao

Maudhui niliyopewa hapa Machakos ni jinsi Mkristo awezavyo kuishika imani ilhali mwili wamuuma usiku na mchana, nami naomba ruhusa nianze na desturi yetu ya ushuhuda kabla ya kufika kwenye maradhi yenyewe. Tangu uamsho ulipoenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, aliyeponywa husimama akashangiliwa, na ambaye hakuponywa aghalabu hukaa kimya benchi la nyuma, au huitwa mbele akaombewa kwa sauti kubwa kana kwamba kosa ni lake.

Nyote mwamjua, kwani yumo katika kila ushirika: mama aliyekula chumvi nyingi, msusi wa viondo, ambaye baridi yabisi imemvimbisha vidole hata uzi wa mkonge humponyoka, na ambaye wenzake wapigapo magoti yeye hushika ukingo wa benchi akainamisha kichwa tu, mgeni akamdhania ana kiburi. Huyu haulizi kama Mungu yuko. La kumsumbua ni kwamba ndugu zake wamemtilia shaka.

Nastaajabu, maana chuo cha Scott kilicho mjini humu, kilichofunguliwa mwaka 1962, chaitwa kwa jina la mtu ambaye hakuponywa. Mmisionari Peter Cameron Scott alikuwa amekwisha kumzika ndugu yake John huko Kongo alipofika Ukambani mwishoni mwa mwaka 1895. Akaweka kituo Nzaui, akatembea kwa miguu masafa marefu kutafuta mahali pa vituo vingine, na mnamo Desemba 1896, hata umri wa miaka 30 hajautimiza, akafa kwa homa ile kali igeuzayo mkojo kuwa mweusi. Sidhani kama yupo miongoni mwetu athubutuye kusema kwamba Scott alikufa kwa uchache wa imani. Basi kwa hoja gani twamshuku mama wa viondo? Kadhalika mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuja pwani mwaka 1846 na kukaa Rabai hadi 1875, alirudi Ujerumani akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Maandiko nayo hayakuwaficha watu wa namna hii. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, asiondolewe. Na Zaburi ya 88, ambayo sijapata kuisikia ikihubiriwa Jumapili (labda kwa kuwa haina mwisho wa furaha), yamalizikia gizani, bila neno la shukrani, na hata hivyo imehesabiwa kuwa sala.

Kuna waumini waachao vidonge kabatini kwa kudhani kwamba kuvimeza ni kumshuku Mungu. Daktari Cicely Saunders, Mkristo aliyefungua nyumba ya wagonjwa mahututi London mwaka 1967, alifundisha kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, kabla uchungu haujarudi, badala ya kungoja mgonjwa apige kelele. Na Anne Merriman, Mkristo mwenzake, alianzisha huduma kama hiyo Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji, ambayo tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kuwaandikia wagonjwa. Aliyepata usingizi ana nguvu ya kusali alfajiri. Aliyekesha akigugumia atasali kwa akili gani?

Naliomba baraza la wazee litenge, katika saa ya ushuhuda, nafasi ya aliye bado mgonjwa, aeleze alivyolala bila kuulizwa ametenda dhambi gani. Na wazee wamtembeleao nyumbani waulize kwanza dawa zimebaki ngapi, na nani atampeleka hospitali siku ya kliniki, ndipo wafungue Biblia.