Udaktari ni Amana



Hapa Kenya mwanafunzi wa udaktari husoma miaka 6, kisha akawa intani mwaka 1, akizunguka wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Huo ndio mtihani hasa. Chuoni ukikosea jibu wapoteza maksi. Wodini ukikosea dozi, anaumia mama wa mtu.

Na Ramadhan hii atakuja mzee mwenye kisukari akuulize, "Daktari, nifunge?" Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, lakini yeye angoja neno lako. Usijibu kwa kumwonea haya. Mpime, muulize dawa anazotumia, na ukiwa hujui, mwite mkubwa wako. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba anayetibu watu bila ya elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara.

Nanyi wazazi, kijana akienda zamu ya usiku, mfungieni chakula cha daku aende nacho, na mumwombee dua. Mfundisheni pia kuwa kusema "sijui, ngoja niulize" si aibu. Ni kuchunga amana.

Wabillahi tawfiq.