Bweni kabla ya mahari

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilisema hilo linakiuka Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki.

Sasa, msikilizaji, hili linakuhusu vipi? Chukua vijiji vya Shinyanga. Pale sekondari ilipo mbali, binti hutoka alfajiri na kurudi giza likiingia, na njiani wapo wa kumpa lifti ya bodaboda. Mzazi anaogopa mimba, na ng'ombe wa mahari wameshatajwa. Hofu hiyo ni ya kweli, tusiibeze.

Lakini kwa upande mwingine, binti anayeozwa akiwa kidato cha pili huzaa kabla mwili haujakomaa, na masomo huishia hapo. Ndiyo maana nawathamini zaidi wanakijiji wanaochangia matofali ya bweni, ili binti alale shuleni, kuliko semina za mjini. Kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi kipo tangu 2016, ila kesi hufa ndugu wakishaelewana pembeni.

Swali linabaki kwako: siku mahari ikipelekwa kwa binti wa jirani, nani atasimama kuizuia?