Kuku wa shule na hesabu ya miezi mitano

 Leo nasema na wanafunzi wa klabu za kilimo za Isiolo mjini, Kinna, Garbatulla na Merti mnaotaka kufuga kuku wa mayai shuleni. Kabla ya kununua kifaranga hata mmoja, andikeni mpango wa biashara.

Anzeni na muda. Kifaranga wa siku moja huanza kutaga akifikisha miezi mitano hivi. Mkinunua Januari, yai la kwanza ni Juni. Muhula mzima na zaidi mtalisha bila kuuza kitu, na naamini hapa ndipo pa kutazama kwa makini kuliko kwingine kote. Kuku mkubwa hula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku 50 ni kilo 6, yaani kilo 180 kwa mwezi. Bei ya gunia la chakula msiikisie. Nendeni dukani mkaulize.

Maji nayo yapewe mstari wake. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilitukosa mfululizo. Nani kwetu amesahau? Tena joto likipanda kuku hunywa zaidi. Andikeni nani atajaza mtungi, na kwa pesa gani.

Agosti shule ikifungwa, nani atabaki na kuku? Jina lake liwe kwenye karatasi, pamoja na malipo yake.

Soko la kwanza liko karibu: jikoni na kwa walimu. Kesho asubuhi mwulizeni mpishi hununua trei ngapi kwa wiki.